Jumapili ya Kujaribu Tovuti

Kinyaa changu na msimu wa Krismasi hakikuanzia kwenye Krismasi yenyewe. Kilianzia kwenye chumba cha ofisi pale Sekei, ghorofa ya pili, juu ya duka la vipuri vya magari, nilikokuwa naitunza tovuti ya duka la mtandaoni. Duka lenyewe halikuwa na mlango wala rafu ambayo mteja angeweza kuigusa. Lilikuwa na ghala Engutoto, pikipiki za kusambaza mizigo, bosi, na mimi.

Biashara yetu ilisimama juu ya jambo ambalo kila mtu wa huku analijua. Desemba watu wanarudi nyumbani. Mchaga anarudi Kilimanjaro, Mmeru anapanda mlimani kwao, na asiyeweza kurudi anatuma kitu. Bosi alikuwa amegundua kwamba wasiorudi ni wengi na kwamba wana aibu, na mtu mwenye aibu haulizi bei mara mbili. Akawa anauza mablanketi, chupa za chai, masufuria na majaketi ya wazee, vyote vimefungwa utepe mwekundu na kupelekwa hadi mlangoni kwa mama. Mwana yuko Dar es Salaam anabonyeza simu, na huku juu mama anapigiwa honi ya pikipiki. Wazo lenyewe sikulichukia, hata nililipenda. Nilichokuja kukichukia ni maandalizi.

Mwaka uliotangulia tovuti ilianguka wiki ile ile watu walipopata mishahara ya mwisho wa mwaka. Walifurika kwa pamoja, mashine iliyobeba tovuti ikazidiwa, kurasa zikageuka nyeupe, na bosi akashinda siku nzima anatukana kompyuta kana kwamba ni mbwa aliyeiba nyama. Kwa hiyo Novemba hii aliniita mapema. Nikamweleza kinachotakiwa: tukodi mashine kubwa zaidi kwa msimu, tupunguze uzito wa picha, tuikague njia ya malipo, kisha tumlipe mtu mwenye zana za kuigiza wateja maelfu kwa wakati mmoja, ili tuone tovuti inapasukia wapi kabla wateja wa kweli hawajatuonyesha. Alikubali yote isipokuwa hilo la mwisho.

“Watu wa kujaribia tunao bure, dada,” aliniambia. Sikujua alikuwa na maana gani, nikadhani ni porojo zake.

Naye alikuwa na maandalizi yake. Kwanza bei zilipanda Novemba, ili Desemba zipigwe mstari mwekundu na chini yake iandikwe bei ile ile ya zamani, pembeni neno OFA likiwakawaka. Kisha akataka saa inayohesabu kurudi nyuma, ambayo ikifika sifuri inaanza upya kimyakimya. Kisha akataka chini ya kila bidhaa pawe na maneno ya kumwambia mteja ni watu wangapi wanaitazama wakati huo huo, na idadi hiyo kompyuta iwe inaitunga yenyewe. Nikamuuliza, watu gani hao?

“Wewe weka. Mteja hatakuja kuwahesabu.”

Nilikataa. Akamlipa fundi mwingine akawaweka. Ikawa kila asubuhi nikifungua tovuti nawakuta, watu hewa wamejipanga chini ya masufuria, kama mende kwenye sahani niliyopakua mwenyewe. Maana ile tovuti niliijenga mimi, kipande kwa kipande, na niliijenga safi.

Ningeweza kumvumilia kama angekuwa mwizi wa kawaida. Tatizo ni kwamba bosi wangu alikuwa mzee wa kanisa. Tena si kanisa la mbali, ni usharika wetu wa Kilutheri kule juu mlimani, nilikobatizwa na kupata kipaimara, katikati ya migomba na kahawa. Jumapili alikaa kiti cha mbele, suti ya kijivu, mikono juu ya magoti, anaitikia sala kwa sauti ambayo ofisini hatukuwahi kuisikia. Nilikuwa namtazama kisogo chake kilichonyolewa vizuri na kushindwa kutoa sadaka yangu ya maneno: wimbo ukiimbwa, mimi nimefunga mdomo.

Jumapili moja, wakati wa matangazo, alisimama. Akasema duka lake linataka kuwahudumia wazazi wetu vizuri Krismasi hii, na anaomba msaada mdogo wa washarika. Ibada ikiisha, kabla ya mnada, kila mwenye simu janja afungue tovuti, achague zawadi yoyote, na abonyeze kununua. Hakuna pesa itakayokatwa, ni majaribio tu. Waumini wakacheka, mchungaji akacheka, na mimi nikaelewa ni watu gani wale wa bure.

Kwa asiyejua, mnada wa kwetu hufanyika nje baada ya ibada. Watu wakitoa sadaka ya mazao, mikungu ya ndizi, mayai, kuku, maziwa, vitu hivyo vinauzwa pale pale uwanjani na pesa inaingia kanisani. Kwa hiyo watu hawaondoki. Usharika mzima ulikuwa umesimama kwenye nyasi, vijana wa kwaya wakiwa bado na majoho, na bosi amepanda kwenye ngazi anawaelekeza.

“Andikeni namba za wazee wa kweli! Msiweke sifuri sifuri. Tunataka ionekane kama Desemba yenyewe.”

Nilimfuata nikamnong'oneza kwamba mtu akinunua, tovuti inampelekea mpokeaji meseji, kwa hiyo tuzifunge meseji kwanza. Akaunti ya meseji ilikuwa mikononi mwake, na nywila aliijua yeye peke yake, kwa sababu hakumwamini mtu na chochote kinachokula salio.

“Ziache,” alisema bila kunitazama. “Nataka kuona mnyororo wote, mwanzo hadi mwisho.”

Maneno ya ile meseji aliyatunga mwenyewe na alikuwa anajivunia kama mtu aliyetunga zaburi. Yalisema hivi: “Shikamoo Mama. Mwanao amekukumbuka. Zawadi yako iko njiani, itakufikia kabla ya Krismasi.” Mnunuzi akijaza jina lake, jina lilitokea baada ya neno mwanao. Vijana pale uwanjani walikuwa na haraka na kicheko, wakaacha jina wazi. Na namba walizoandika ni zile walizokuwa nazo, yaani namba za wazee ambazo kila mtu anazo.

Walibonyeza kwa pamoja, na tovuti ikaanguka. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za kanisa na kompyuta mapajani, nikaona inapasukia wapi, picha moja kubwa ya ukurasa wa mbele, na siwezi kukataa kwamba jaribio lilinisaidia. Kuhusu meseji za waliowahi kununua kabla haijaanguka, hakuna hata moja iliyotoka. Salio lilikuwa limeisha. Zote zilikwama kwenye foleni, nikashukuru kimoyomoyo. Kesho yake nilimwambia bosi, kabla hujaongeza salio, futa kwanza zile za Jumapili.

“Nitafuta,” alisema.

Hakufuta. Siku iliyofuata aliongeza salio ili atangaze ofa zake, na zile zilizokuwa kwenye foleni zikatangulia. Mlima mzima ukapokea shikamoo.

Wazee wengi walifanya kile ambacho mzee yeyote angefanya, waliwapigia watoto wao kushukuru. Watoto wakaruka, mimi sijatuma kitu, mama, hao ni matapeli, usijibu. Wengine walikasirika, wengine walicheka, na kufikia jioni habari ilikuwa imepoa. Niliposikia nilikwenda mezani kwa bosi nikamwambia tutume meseji nyingine tuombe radhi, tueleze kwamba yalikuwa majaribio.

“Ukimwomba radhi mtu aliyekwisha kusahau,” alisema, “unamkumbusha.” Akarudi kwenye simu yake. Nilirudi kwenye picha zangu, nikiwa na hasira ya kawaida ya kazini, kwa sababu niliamini kweli kwamba wote wamekwisha kusahau.

Sasa lazima nimtaje mama yangu mdogo. Ni mdogo wake marehemu mama, na ndiye aliyenilea. Shamba lake liko juu ya kanisa, kahawa chini, migomba juu yake, nyumba ya mbao katikati. Yeye ndiye mama wa jumuiya yetu, anayejua nani anaumwa na nani amefiwa, kwa hiyo namba yake imo kwenye kila simu ya usharika. Ile Jumapili ya majaribio hakuwepo kanisani. Alikuwa ameteremka mjini na akina mama wa jumuiya kumwona mgonjwa hospitali. Na mtoto wake pekee, kaka yangu mimi, alikwenda Kanda ya Ziwa kutafuta maisha kwenye machimbo, akapiga simu mara mbili tatu, kisha namba yake ikafa. Ni miaka mingi. Hatukupata kaburi, hatukupata salamu. Kila Jumapili, mchungaji akiita mahitaji ya maombi, mama mdogo alinyanyua mkono, na hakuna aliyehitaji kumuuliza ni hitaji gani.

Jumapili iliyofuata, ulipofika wakati wa shukrani, alisimama na kutoka nje. Akarudi akiwa anavuta mbuzi.

Alivaa kitenge chake cha umoja wa wanawake, kilichopigwa pasi hadi kinang'aa. Mbuzi alikuwa mweupe, mnene, yule aliyekuwa akimfuga kwa ajili ya sikukuu. Akasema ana neno la kumshukuru Mungu, kwa sababu mwanawe yu hai. Amemtumia salamu kwa simu. Na akazisema zile salamu kwa moyo, polepole, kama mtu anayesoma andiko: “Shikamoo Mama. Mwanao amekukumbuka.”

“Na hakutuma mara moja,” aliongeza huku anacheka na machozi yanamtoka. “Meseji zimekuja moja baada ya nyingine, mpaka simu ikawa inaruka mezani. Alivyo mwanangu, tangu utoto haridhiki mpaka arudie.”

Watu walipiga makofi. Kwaya ikaanzisha wimbo hata kabla ya kuambiwa, akina mama wakatoka vitini wakamzunguka na vigelegele, yeye na mbuzi wake. Nilikaa. Nilielewa kila kitu kwa mara moja: wazee wengine walikuwa na mtu wa kumpigia, akakana. Yeye alikuwa hana.

Nikamtafuta bosi kwa macho. Alikuwa amesimama na wenzake mbele, anapiga makofi kwa mdundo.

Yaliyofuata uwanjani ndiyo yanayonirudia hadi leo nikiona utepe mwekundu. Mbuzi alipoletwa mnadani, mwalimu mstaafu mmoja alitaja bei. Bosi akapandisha. Mwalimu akapandisha. Bosi akataja kiasi kilichofanya watu washike vichwa, na mbuzi akawa wake. Vigelegele tena. Akamwendea mama mdogo, akainama, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

“Shikamoo mama. Hongera sana. Mungu hamwachi mja wake.”

“Marahaba, mwanangu,” alisema mama mdogo. “Ubarikiwe kwa kuninunulia shukrani yangu.”

Nilimsubiri kwenye gari lake, nyuma ya ofisi ya mchungaji. Mbuzi alikuwa anafungwa miguu na kupakiwa. Nilimwambia, zile meseji ni zetu. Ni za majaribio.

“Najua,” alisema.

Nilitarajia ashangae. Nilikuwa nimejiandaa kumpa hata nafasi ya kuona haya. Mate machungu yalinijaa mdomoni, nikatema, pale pale kwenye nyasi za kanisa, kitu ambacho sijawahi kukifanya kabla wala baada.

“Sasa ulitaka nisimame kule ndani niseme nini?” aliendelea kwa sauti ya upole, ile ya Jumapili. “Mama wa watu amefurahi. Kanisa limepata. Mimi nimetoa pesa yangu. Wewe unataka kumnyang'anya furaha, tena Krismasi hii? Acha hizo, dada. Kesho nitampelekea chupa ya chai nzuri, iandikwe imetoka kwa mwanawe. Ahadi itakuwa imetimia.”

Watu wanasema njia ya mwongo ni fupi. Siku hizi siamini. Ya huyu ilikuwa na lami na taa.

Kesho yake nilikwenda kazini nikiwa bado sijui nitafanya nini, na yeye ndiye aliyenisaidia kuamua. Alinisomea maandishi aliyoyatunga kwa ajili ya ukurasa wa mbele, mahali pa ile picha niliyoipunguza uzito. Ushuhuda wa kweli, aliuita. Mama wa mlimani alipokea salamu za mwanawe aliyepotea, kupitia duka letu. Jina lingefichwa, lakini picha angeitafuta. Alikuwa ameshamwagiza mpiga picha.

“Hii italiza watu Dar nzima,” alisema. “Utaona watakavyofurika. Mashine itahimili?”

Nilimwambia mashine itahimili. Nikamwambia pia kwamba yeye ni mtu mchafu, na kwamba nitamwambia hivyo mbele ya wazee wote wa kanisa, mbele ya mchungaji, siku picha ya mama yangu mdogo itakapotokea kwenye tovuti ile. Alitazama dirishani. Picha haikutokea kamwe, maana kitu pekee alichokiogopa duniani ni kile kiti cha mbele. Niliandika nywila zangu zote kwenye karatasi, nikaiweka mezani kwake, nikateremka ngazi. Nasikia tovuti haikuanguka mwaka ule. Nasikia walifurika kweli, na yenyewe ikasimama imara hadi Krismasi ikapita. Kazi niliifanya vizuri, na hilo nalo linanichefua.

Nilichukua bodaboda pale Kimandolu nikapanda moja kwa moja. Njiani nilipanga maneno, na kila niliyoyapanga yalinuka.

Nilimkuta amekaa kibarazani anamenya ndizi za loshoro, zile za kupikwa na kuchanganywa na maziwa mgando. Nyumba ilikuwa imepakwa chokaa mpya hadi madirishani. Mlango wa chumba cha kaka ulikuwa wazi, sakafu bado mbichi kwa kudekiwa, kitanda kimetandikwa shuka jeupe. Chupa ya chai ilikuwa imekwisha kufika. Ilikuwa juu ya kabati, na utepe wake, haijafunguliwa.

“Nimeiacha aifungue mwenyewe,” alisema mama mdogo. “Akija tutainywea pamoja. Kaa, mwanangu. Mbona umetoka kazini mapema?”

Nilikaa. Nikamwambia, kwa sababu nilijua nikinywa chai yake kwanza sitasema tena.

“Mama, zile meseji si za kaka. Ni za duka letu. Tulikuwa tunajaribu tovuti.”

Aliendelea kumenya kidogo. “Mlikuwa mnajaribu nini?”

“Kama itawabeba watu wengi wakija kununua kwa pamoja.”

“Na mimi niliingiaje huko?”

“Namba yako kila mtu anayo. Vijana waliiandika tu.”

“Na hiyo chupa?”

“Ameituma bosi.”

Aliweka kisu. Akaifuta mikono kwenye kanga, kidole kwa kidole, ingawa utomvu wa ndizi hautoki hivyo na yeye analijua hilo kuliko mimi.

“Kwa hiyo mwanangu hajasema kitu.”

“Hajasema kitu, mama.”

“Yu hai?”

“Sijui.”

Nilitaka anipigie kelele. Nilitaka amlaani yule mtu, nimsaidie, tumlaani pamoja hadi giza liingie. Nikamwambia nitashuka nikamdai mbuzi wake, hata kama ni kwa polisi.

“Mbuzi muache,” alisema. “Sikumpa yeye.”

Akatazama chini kwenye kahawa, upande wa kanisa. Aliponigeukia, uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa umechanganyikiwa, kama wa mtu aliyeambiwa arudi njia ambayo hajui inarudiwaje.

“Miaka yote hii nilikuwa naomba,” alisema. “Nilishazoea kuomba. Jumapili nikashukuru, mbele za watu wote, nikayafunga yale maombi. Sasa Jumapili ijayo mchungaji akiita mahitaji, nitanyanyuaje mkono?”

Nilikichukua kisu nikaendelea na ndizi, na yeye akaenda kuufunga mlango wa kile chumba.